Reli ya bahari, reli ya ukuta

Treni yangu ndogo ya mfano, ya mezani, ilikuwa ikifika upande wa ukuta inachoka. Upande wa dirisha ilikwenda vizuri, kichwa kinanguruma na mabehewa matatu yanafuata kwa adabu, lakini ikishakata kona ya pili mwendo unashuka, taa ya mbele inafifia, na pale chini ya kalenda inatambaa kama konokono. Ikitoka kona ya nne inazinduka, inarudi dirishani mbio. Mpwa wangu wa miaka tisa aliibatiza sehemu ile "mlimani", na kwa wiki nzima tulikubaliana kuwa ni mlima, ingawa meza ilikuwa sawasawa. Niliweka pimamaji mara mbili, Mungu anajua.

Chumba chenyewe ni cha uani, Ngamiani hapa Tanga, paa la mabati bila dari. Meza ni ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne uliolazwa juu ya milango miwili ya zamani. Treni aliniletea shemeji yangu ambaye ni baharia: kichwa kimoja, mabehewa matatu, reli za kutosha duara refu lenye kona za nusu kipenyo cha sentimita 45 hivi, na boksi la kuendeshea lenye kitufe cha kuzungusha. Vyote vimeshatumiwa na mtu mwingine, na reli zina kutu ya hapa na pale. Ukubwa wake ni ule unaoitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87.

Mjomba wangu alipoletwa kuiona alitoa rula mfukoni. Alifanya kazi relini mpaka akastaafu, na rula hajaiacha. Akapima upana wa njia: milimita 16 na nusu. Akanyamaza, akapiga hesabu nyuma ya bahasha.

"Mara themanini na saba ni 1435. Hii si reli yetu, bwana. Hii ni SGR."

Alikuwa sahihi: milimita 1435 ndio upana wa SGR, ile reli mpya inayofika Dodoma. Njia yetu ya Tanga, ile Wajerumani waliyoanza kuijenga hapa mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911, ni ya upana wa mita moja. Kwa kipimo hicho hicho cha 1 kwa 87 ingetakiwa milimita 11 na nusu tu, na wanaotengeneza vitu hivi wana aina yake ya milimita 12. Nilimwambia achukulie kuwa tumejenga Dodoma. Hakucheka. Lakini alivuta kiti, na tangu siku ile akawa haondoki.

Narudi kwenye mlima wetu. Boksi la kuendeshea lilikuwa na nyaya mbili tu, na nilikuwa nimezifunga kwenye reli mahali pamoja, dirishani, kama kijikaratasi cha maelekezo kilivyosema. Reli ya kushoto waya mmoja, ya kulia waya mmoja, basi. Umeme wa treni hizi ni wa aina ya betri, DC, unaofika volti 12, na hupita kwenye reli moja, ukaingia gurudumuni, ukazungusha mota, ukarudi kwa reli ya pili. Kwa hiyo treni ikiwa ukutani, umeme ulikuwa umesafiri zaidi ya mita mbili na nusu ndani ya chuma chembamba, ukivuka viungio kwenye kila kipande. Kiungio ni kibati kidogo kilichokunjwa ambacho reli mbili zinachomekwa. Hakina msumari wala lehemu. Na hewa ya Tanga mnaijua: baiskeli ya jirani yangu ina mwaka mmoja na imeshafanana na ya babu yake. Chumvi ile ile ilikuwa inakula viungio vyangu.

Nilichukua mita ya kupimia volti nikapima ukutani. Volti 12. Nikapima dirishani. Volti 12. Nikakaa chini nikikuna kichwa. Fundi redio wa jirani, ambaye duka lake liko nyumba tatu kutoka kwetu, alinitazama kwa huruma akaniuliza treni ilikuwa inatembea au imesimama nilipopima.

"Imesimama."

"Basi ulikuwa unapima bomba la maji lililofungwa. Presha ni ile ile mwanzo mpaka mwisho. Fungua bomba ndiyo upime."

Tukakishika kichwa cha treni kwa kidole pale ukutani huku magurudumu yanazunguka, tukapima tena. Volti nane na pointi. Volti karibu nne zilikuwa zinapotelea njiani kwenye vibati vyenye kutu. Mpwa alisikitika sana kupoteza mlima wake.

Dawa yake inajulikana na kila anayecheza na treni hizi: usiitegemee reli kubeba umeme. Pitisha chini ya meza nyaya mbili nene kuzunguka njia nzima, kisha kila baada ya mwendo fulani panda na waya mwembamba mfupi kutoka waya mnene mpaka kwenye reli. Fundi redio aliziita zile nene "waya mama" na zile fupi "fida", nami nikashika maneno hayo. Waya mama niliununua wa milimita 1.5 mraba, ule wa kufungia taa za nyumba. Shaba ya unene huo huuzuia umeme kwa kama sehemu 12 tu za elfu ya omu kwa kila mita, kwa hiyo kwenye mzunguko wangu wa mita tano na kitu upotevu ni kama hakuna. Fida zilikuwa za nusu milimita mraba, nikazikata sentimita 20 kila moja. Waya mwembamba ukiwa mfupi hauna neno.

Nikapanga jozi sita za fida: tatu dirishani, tatu ukutani. Waya mama mmoja mwekundu, mwingine mweusi. Kazi ya jioni mbili. Nilijiona fundi.

Hapo ndipo nilipozipa reli majina.

Ukimwuliza mtu njia hapa Tanga hakwambii kaskazini wala kusini. Atakwambia shika upande wa baharini, au pandisha huku bara. Dirisha la chumba changu linatazama bahari, ingawa bahari yenyewe haionekani, ni mabati na minazi miwili tu. Basi nikaona hakuna alama nzuri kuliko hiyo. Reli iliyo karibu na dirisha ni reli ya bahari, hiyo ni nyekundu. Reli iliyo karibu na ukuta ni reli ya ukuta, hiyo ni nyeusi. Kila nilipotoboa tundu niliandika kwa penseli ubaoni: B huku, U huku. Sikukosea hata mara moja. Ningekosea ningepona.

Kulehemu ndiko kulikonitesa zaidi, na hapo nina ya kusema. Fida ya kwanza niliilehemu upande wa ndani wa reli kwa sababu mkono ulifika kirahisi. Treni ilipopita ikaruka juu kama imekanyaga jiwe: ule ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke njiani hutembea ndani ya reli, na tone langu la lehemu lilikuwa limekaa njiani mwake. Lehemu hukaa nje ya reli, ubavuni. Fida ya pili niliishikilia moto muda mrefu mpaka mataruma mawili ya plastiki, yale yanayolala chini ya reli, yakalainika kama ubani na reli ikainama. Fundi redio akanionyesha: piga msasa ubavu wa reli mpaka ung'ae, paka mafuta ya kulehemia, yale wanayouza kwa mafundi simu, weka lehemu kidogo kwenye reli peke yake na kidogo kwenye waya peke yake, halafu viguse pamoja kwa sekunde mbili. Kitambaa kilicholowa maji kila upande wa mahali unapochoma, joto lisitembee. Kuanzia ya tatu nikawa nalehemu vizuri. Taruma mbili zilizoyeyuka zipo mpaka leo, nimepanda kichaka mbele yake.

Jioni ya pili nikaunganisha fida zote 12 kwenye waya mama, moja kwa moja bila kupima hata moja. Nikawaita watu. Mjomba kwenye kiti, mke wangu mlangoni na taulo la jikoni mkononi, mpwa juu ya stuli. Nikazungusha kitufe.

Hakuna kilichotembea. Taa ndogo ya boksi ikazimika, boksi likatoa mlio kama nzi ndani ya chupa, nikaligusa likawa linapata moto. Nikazima.

"Shoti," akasema mke wangu, akarudi jikoni.

Shoti maana yake nyekundu na nyeusi zimekutana mahali. Nikaweka mita kwenye mlio, inalia kama nyaya zimegusana, ncha moja kwenye waya mama mwekundu, nyingine kwenye mweusi: piiii. Nikajiambia, jozi moja nimeibadili, nitaitafuta. Nikafungua jozi ya kwanza, mita ikalia. Nikairudisha, nikafungua ya pili. Ikalia. Nikairudisha, ya tatu. Nikafika ya sita, mita bado inalia vile vile. Kila jozi nilipoitoa shoti ilibaki, kwa hiyo kila jozi ikawa haina hatia. Nikahitimisha kwamba kosa haliko kwenye fida, liko kwenye reli zenyewe. Labda msumari umegusa, labda tone la lehemu limevuka. Saa tano usiku nikaanza kung'oa njia.

Niling'oa kona mbili nzima kabla ya kulala. Nayasema haya bila kuona haya kwa sababu najua kuna mtu anasoma akiwa na bisibisi mkononi: usiguse reli bado.

Asubuhi fundi redio alipita kuchukua mita yake. Nikamweleza. Akauliza nilipotoa jozi moja, niliirudisha kabla ya kutoa nyingine? Nikamwambia ndiyo, kwa utaratibu kabisa. Akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Na kama zilizokosewa ni mbili? Unatoa mwizi mmoja ndani, mwenzake bado yumo. Unamrudisha, unamtoa mwenzake, yule wa kwanza kesharudi. Utafika kesho kutwa. Toa zote nje, halafu waite mmoja mmoja waingie."

Tukarudisha kona, tukazifungua jozi zote sita. Mita ikanyamaza, ule ukimya ulikuwa mtamu. Kabla ya kuanza kuzirudisha, fundi alifanya jambo jingine ambalo tangu hapo sijaliacha. Alichukua balbu ya indiketa ya bodaboda, ya volti 12 na wati 10, akaifunga katikati ya boksi na waya mama mwekundu, umeme wote upite ndani yake kwanza. Ikitokea shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na haipitishi zaidi ya ampea 0.8 na kitu, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Hali ikiwa njema haiwaki, au inawaka kwa mbali treni inapotembea. Ni ya bei ndogo na inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, mita hailingani nayo.

Jozi ya kwanza, dirishani: balbu kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne, ya ukutani: balbu ikawaka chumba kizima. Tukaitoa. Ya tano: ikawaka. Ya sita: ikawaka.

Tatu zote za ukutani. Fundi akaniambia nimechoka nikakosea mara tatu. Nikapiga magoti nikaangalia alama zangu za penseli: B kwenye reli ya upande wa dirisha, U kwenye reli ya upande wa ukuta, waya mwekundu kwenye B, mweusi kwenye U. Zote sita. Hakuna kosa. Nikamwita mjomba naye akaangalia. Hakuna kosa. Watu wazima watatu tumeinama juu ya meza, balbu ya bodaboda inatutazama.

Jibu lilitoka kwa mpwa, ingawa hakujua. Yeye alikuwa ameamua siku ile kwamba behewa moja litakuwa la wagonjwa, akalibandika tepu nyekundu ubavuni. Tepu ilimwishia upande mmoja, upande wa pili ukabaki kijani. Sisi tukiwa tunabishana, yeye alikuwa analisukuma behewa lake kwa kidole kuzunguka njia, akifanya king'ora kwa mdomo. Likapita dirishani, tepu inatazama dirisha. Likakata kona. Likapita ukutani.

Mjomba akanishika bega. "Hebu tazama lile behewa. Wekundu wake uko wapi sasa?"

Ulikuwa unatazama ukuta.

Behewa halikugeuka. Liko njiani lile lile, magurudumu yale yale, ubavu wenye tepu uko juu ya reli ile ile tangu lilipoanza. Lakini reli ile ambayo dirishani ilikuwa ya bahari, baada ya nusu duara imekuwa ya ukuta. Reli hainyooki ikangojea jina lako. Inazunguka. Mimi nilikuwa nimempa mtu jina la mtaa anaokaa, akahama, nikaenda kumgongea aliyehamia. Kwa jina la B nilikuwa nimeufunga waya mwekundu dirishani kwenye reli ya nje, na ukutani kwenye reli ya ndani, na ndiyo maana niliweza kukosea mara tatu bila kukosea hata mara moja.

Tukafuta B na U. Kwenye duara, nje ni nje popote na ndani ni ndani popote, kwa hiyo nyekundu ikawa ya nje na nyeusi ya ndani. Lakini hata "nje" na "ndani" ni majina ya mtaa, yanafaa tu mpaka duara linapopata matawi. Behewa la tepu ndilo lisilodanganya. Sasa kabla sijatoboa tundu la fida yoyote, nalisukuma behewa kutoka fida ya kwanza mpaka pale, bila kulinyanyua hata kidogo, na upande wenye tepu ndiyo reli ya waya mwekundu. Naweka nukta ya rangi ya kucha, ya mke wangu, juu ya taruma. Ananidai chupa mbili.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyo hiyo ulio chini ya meza, na huo ulinipata wiki iliyofuata. Ukilala chali mvunguni ukitazama juu, kulia na kushoto vinabadilishana: reli uliyoiacha kuliani ukiwa umesimama, sasa iko kushotoni. Unajua hivyo, umejiambia hivyo, na bado mkono unakosea, hasa vumbi la mbao likiwa machoni. Siku hizi sifanyi uamuzi wowote mvunguni. Waya mwekundu unaulehemu ukiwa juu, unaushusha kwenye tundu lake, ukiwa chini huna cha kufikiri isipokuwa wekundu uende kwa wekundu. Na kama waya mwekundu umeisha dukani, bora ungoje. Nilitumia wa kahawia mara moja kwa kujiambia kuwa nitakumbuka. Sikukumbuka.

Watu huniuliza, sasa nyekundu ndiyo chanya? Hapana, na hili lilimfurahisha mpwa kuliko treni yenyewe. Ukigeuza kitufe cha mwelekeo kwenye boksi, chanya na hasi zinabadilishana reli. Ndivyo treni inavyorudi nyuma. Rangi hazisemi nani chanya. Zinasema hizi ni ndugu, hizi si ndugu. Kanuni ya treni hizi za reli mbili ni kwamba reli ya kulia, ukiwa umekaa kama dereva, ikiwa chanya, kichwa kinakwenda mbele. Basi mnyanyue kichwa, mgeuze uso, mrudishe njiani bila kugusa boksi. Mpwa alikuwa na hakika kitakwenda upande wa pili. Kilikwenda upande ule ule kilikokuwa kinakwenda, ila sasa kinyumenyume, kwa sababu kilichokuwa kuliani kwake sasa kiko kushotoni. Alilirudia jaribio hilo mpaka adhana ya magharibi.

Mjomba naye alikuwa na lake. Kwa mtu wa reli, treni inayozunguka duara ikitazama upande mmoja maisha yake yote si treni, ni punda wa kinu. Vichwa vya mvuke vilikuwa lazima vigeuzwe uso vikifika mwisho wa safari, kwenye meza ya kugeuzia au kwenye njia za pembetatu, kichwa kikiingia kwa mbele na kurudi kwa nyuma. Akataka na yetu igeuke. Hatukuwa na nafasi ya pembetatu, tukapitisha njia ya mshazari katikati ya duara: treni inatoka upande wa dirisha, inakatisha, inaingia upande wa ukuta ikiwa imeelekea kinyume na ilivyokuja.

Kabla ya waya wowote nilimkabidhi mpwa behewa lake. Akalisukuma: dirishani tepu nje, swichi ya reli, pale njia inapogawanyika, mshazari, swichi ya pili, ukutani. Akasimama.

"Mjomba, tepu imeingia ndani."

Behewa lilikuwa limesema yote. Kwenye njia kama ile, reli ya nje inakwenda kukutana na reli ya ndani, na hakuna namna ya kuzifunga fida zikakubaliana. Huo si uzembe wa mtu, umbo lenyewe ndilo lenye shoti. Dawa ni kuutenga mshazari: kata reli zote mbili mwanzoni na zote mbili mwishoni, halafu uulishe kwa swichi yake ya miguu sita, ile ambayo nyaya za pembeni zinakatishwa msalaba ili ukiibonyeza chanya na hasi zibadilishane. Treni ikiingia mshazarini unaisimamisha, unageuza kitufe cha boksi na swichi kwa pamoja, kisha unaondoka. Ndani ya mshazari hakuna kilichobadilika, kumebadilika nje.

Nilikata kwa msumeno wa chuma wenye jino laini, mikato minne, nikaacha hewa tu katikati. Ilifanya kazi usiku ule na mjomba alipiga saluti. Kesho yake mchana ikaleta shoti. Jioni ikapona. Kesho kutwa, saa nane mchana, shoti. Saa mbili usiku, nzima. Nilishasema chumba hakina dari. Reli ya mita mbili, joto likipanda nyuzi 15, hurefuka kama nusu milimita, na mkato wangu ulikuwa mwembamba kama jino la msumeno. Mchana reli zilikuwa zinasogea zinapeana mikono. Mjomba aliliona hilo kabla yangu, maana nafasi za kwenye maungio ya reli ndicho kitu alichokagua juani kwa miaka. Nikapanua mikato, nikachomeka vipande vya plastiki vya kadi ya benki iliyokwisha muda wake, nikavigundisha na kuvichonga vifuate umbo la reli. Hazijapeana mikono tena.

Bado nilikuwa nimeutenga mshazari mfupi mno, sentimita 70. Treni yangu inakaribia mita moja. Kichwa kikawa kinafika mkato wa kutokea wakati behewa la mwisho halijamaliza kuingia, na gurudumu la chuma linapokanyaga mkato huwa daraja kati ya pande mbili zisizopatana. Balbu ikawa inapepesa. Tulisogeza mikato mpaka treni nzima ikaenea ndani, ikabaki sentimita tano. Mjomba anataka behewa la nne. Nimemwambia alete meza.

Mlima umekwisha. Mita inasoma 11 na pointi ukutani, treni ikiwa inatembea. Balbu ya bodaboda bado iko pale pale, imefungwa kwenye konekta, na mpwa amezoea kuitazama kabla hajazungusha kitufe, kama dereva anavyotazama ishara. Behewa la wagonjwa lilichafuka, tepu ikaanza kubanduka kwa joto. Juzi nilimkuta amelikalia kitako na brashi ya rangi ya kucha, analipaka upande mmoja. Nikamwambia alimalize na upande wa pili basi, lipendeze.

Akaniangalia kama ambaye hajanisikia vizuri.